Je, ni haki kumng'oa paka kucha ili kumlinda mgonjwa nyumbani?

Swali: Shikamoo daktari. Tuna paka jike wa miaka miwili. Kwa jumla ni mpole, lakini amechanachana makochi mawili, na mwezi uliopita alimparua mama mkwe wangu mkononi. Mama anatumia dawa za kuzuia damu isigande, kwa hiyo jeraha dogo lile lilitoka damu kwa muda mrefu na sote tuliingiwa na hofu. Mume wangu amepata daktari wa wanyama aliye tayari kumng'oa kucha zote za mbele kwa leza. Anasema ni afadhali hivyo kuliko kumtoa paka nyumbani, na kwamba tulishamfunga kizazi bila kumwuliza, kwa hiyo hili nalo ni lile lile. Mimi moyo unasita, ila sina cha kumjibu. Je, ni ukatili, au nasukumwa na huruma tu?

Jibu: Marahaba dada. Jibu langu ni kwamba msimng'oe. Hukosei kusita. Lakini mume wako naye ametoa hoja mbili nzito, ile ya kufunga kizazi na ile ya kumtoa nyumbani, na mtu anayemhofia mama yake hajibiwi kwa kuitwa mkatili. Nitazijibu zote mbili. Kwanza ni vizuri mjue kinachofanyika mezani kwa daktari, maana nimekutana na watu wengi walioiruhusu kazi hii wakidhani ni kukata kucha kwa kina kidogo kuliko kawaida.

Ukucha wa paka huchipua moja kwa moja kutoka kwenye mfupa mdogo wa mwisho wa kidole. Chembe zinazouotesha zimeshikamana na mfupa huo. Ukiutoa ukucha na kuuacha mfupa, ukucha utarudi, mara nyingine umepinda na kuota chini ya ngozi. Ili usirudi kabisa, daktari hana njia nyingine ila kuukata mfupa wenyewe kwenye kiungo, pamoja na kano na mishipa ya fahamu inayoufikia. Mguu wa mbele wa paka una vidole vitano. Kwa hiyo paka wenu ataamka kwenye nusukaputi akiwa amekatwa pingili kumi. Ukitaka kujua ni sehemu ipi, kunja ncha ya kidole chako cha shahada: pale panapokunjika ndipo kisu kinapopita.

Leza haibadilishi hilo. Inachofanya ni kupunguza damu wakati wa upasuaji, na huenda siku za mwanzo zikawa na nafuu kidogo. Kinachotupwa kwenye ndoo ni kile kile. Mkiambiwa kwamba leza ni njia ya kisasa isiyo na madhara, mwulizeni daktari huyo swali moja tu: mfupa unabaki au unaondoka?

Paka hutembea kwa vidole, wala hakanyagi kwa kisigino kama sisi. Mifupa hiyo midogo ndiyo inayokutana na ardhi kila anaporuka kutoka dirishani, kila anapogeuka ghafla, kila anapojinyoosha baada ya kulala. Ikiondolewa, namna anavyobeba uzito wake hubadilika. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2018 ulichunguza paka 274, nusu yao wakiwa wamekatwa na nusu hawajakatwa. Waliokatwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na maumivu ya mgongo, kukojoa au kunya nje ya sanduku la mchanga, kuuma, na kujilamba hadi manyoya yakatike. Picha za eksirei zilionyesha kwamba asilimia 63 ya waliokatwa walikuwa wameachiwa vipande vya mfupa vidoleni. Hao ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi, lakini hata waliokatwa vizuri, bila kipande kilichobaki, walizidi kwa kuuma na kwa kuacha sanduku. Utafiti wa namna hiyo, unaotazama wanyama ambao tayari wameshakatwa, hauwezi peke yake kuthibitisha kwamba upasuaji ndio chanzo cha kila shida. Ila unakubaliana na mantiki ya mwili na yale tunayoyaona kliniki. Paka mwenye maumivu vidoleni akichimba mchanga ataumia. Akiumia mara kadhaa ataliogopa sanduku, ataenda kutafuta mahali laini, na mahali laini nyumbani ni kitandani na kwenye makochi yale yale mliyotaka kuyaokoa.

Sasa tuje kwa mama, maana yeye ndiye aliyelileta jambo hili mezani.

Paka aliyenyimwa kucha anapoogopa au kukasirika hubakiwa na meno. Nikiambiwa nichague jeraha la kumpata mama yenu, nitachagua mparuzo. Mparuzo uko juu ya ngozi, unaonekana, unaoshwa na kubanwa. Meno ya paka ni membamba na marefu, huingia ndani kama sindano, na tundu lake hujifunga juu huku bakteria wakibaki chini. Vidonda vya kuumwa na paka huingia usaha mara nyingi zaidi kuliko vya kuumwa na mbwa, hasa mkononi, ambako kano na viungo viko karibu na ngozi. Kumwondolea paka kucha ili mzee awe salama ni kumsukuma paka kuelekea silaha iliyo mbaya zaidi. Na hata wagonjwa walio katika hatari kubwa kuliko mama hawashauriwi hivyo. Miongozo ya kitabibu ya Marekani kwa watu wenye virusi vya UKIMWI, ambao bakteria wa homa ya mparuzo wa paka anaweza kuwadhuru vibaya, haipendekezi kumng'oa paka kucha. Inasisitiza kuepuka michezo ya vurugu na paka, kuosha jeraha papo hapo, na kudhibiti viroboto, kwa sababu bakteria huyo hufika kwenye kucha kupitia kinyesi cha viroboto. Kama hao hawaambiwi wakate vidole vya paka, sioni ni kwa hoja gani ya afya tuvikate kwa ajili ya mama, ambaye hatari yake ni kutoka damu.

Hapo ningeweza kuishia, nikasema upasuaji huu haufikii hata lengo lenyewe. Lakini umeniuliza kuhusu haki, na ningekupunja nikijificha nyuma ya tiba. Tuseme kwamba upasuaji ungefanikiwa kabisa, paka asingeuma wala kukojoa ovyo, na kochi lingebaki zima. Je, tungekuwa na haki?

Mume wako anasema kufunga kizazi ni lile lile. Ana haki ya kuuliza, na sisi madaktari tunaofunga paka kizazi kila wiki tunapaswa kuwa na jibu. Paka hana uwezo wa kukubali wala kukataa jambo lolote tunalomfanyia. Hakukubali kufungwa kizazi, wala hakubali chanjo. Basi kutokukubali kwake peke yake hakuwezi kuwa kipimo. Mwenye kumwamulia asiyeweza kusema anasimama kama mlezi, na mlezi hupimwa kwa maswali matatu: nani anafaidika, nini kinapotea, na je, kulikuwa na njia nyepesi zaidi.

Mpime kwa hayo paka aliyefungwa kizazi. Hatapata usaha kwenye mji wa mimba, ugonjwa unaoua. Akifungwa mapema, hatari yake ya saratani ya matiti hushuka sana, na kwa paka saratani hiyo mara nyingi ni ile mbaya. Hazai watoto ambao wengi wao wangekufa kwa njaa na magonjwa. Anachopoteza ni uzazi, nami siwezi kudai kwamba hiyo si kitu, lakini maisha yake ya kila siku, kuruka, kuwinda inzi, kujinyoosha juani, yanabaki mazima. Wala hakuna njia nyepesi ya kudumu inayoweza kuchukua nafasi ya upasuaji ule.

Sasa mpime anayekatwa vidole. Faida yote ni ya mtu. Kwa paka mwenyewe hakuna ugonjwa unaozuiwa wala maumivu yanayoondolewa. Anachopoteza anakitumia kila siku ya maisha yake: kupanda, kushika, kujikuna, kujitetea, kuacha alama ya harufu yake. Na njia nyepesi zipo, nyingi, nyingine hazihitaji ila dakika tano. Mlezi mwema anapaswa aweze kusema, "ningemfanyia hivi hata kama nyumba isingekuwa na kochi hata moja." Kama kidole cha paka kina uvimbe wa saratani, au usaha uliokataa kupona, sentensi hiyo inasemeka bila shida, na daktari atakata kwa moyo mweupe. Hakuna ninayemjua katika fani hii anayepinga hilo, na sheria zinazokataza kung'oa kucha zote huacha mlango wa matibabu wazi. Kwa paka wenu mzima wa miaka miwili, sentensi hiyo haisemeki.

Nimetaja sheria, basi nizipitie kwa haraka. Mkataba wa Ulaya wa kulinda wanyama wa nyumbani, wa mwaka 1987, kifungu chake cha 10 kinaweka kung'oa kucha katika kundi moja na kukata mikia na masikio ya mbwa kwa ajili ya sura. Uingereza inakataza kwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2006, Israeli tangu 2011. Marekani, ambako jambo hili lilizoeleka kuliko kwingine, mji wa West Hollywood ulitangulia mwaka 2003, na New York ikawa jimbo la kwanza mwaka 2019. Linalonishughulisha zaidi ni la Marekani la mwaka 2006. Mwaka huo Wizara ya Kilimo ya Marekani ilieleza kwamba kukata kucha za wanyama pori walao nyama, simba na chui milia wakiwemo, hakuhesabiwi tena kuwa huduma ifaayo ya daktari. Kwa hiyo kwa miaka mingi simba wa maonyesho alikuwa na ulinzi ambao paka wa sebuleni hakuwa nao, ingawa mfupa, kano na maumivu ni vile vile. Sheria haiumbi haki. Inaonyesha tu kwamba watu waliolitazama jambo hili kwa karibu wamekuwa wakisogea upande mmoja.

Hoja ya pili ya mume wako ni ngumu zaidi: afadhali paka asiye na kucha ndani ya nyumba kuliko paka mwenye kucha aliyefukuzwa. Madaktari wengi waliokuwa wakifanya upasuaji huu walijitetea kwa maneno hayo hayo, na wengine waliyasema kwa nia safi kabisa, wakiamini wanaokoa maisha. Lakini hoja hii inaweka milango miwili mahali penye milango sita. Tena ina upande unaoweza kupimwa. Chombo kinachosimamia madaktari wa wanyama wa British Columbia, Kanada, kilipopiga marufuku mwaka 2018, watafiti walilinganisha kumbukumbu za vituo vinavyopokea wanyama za kabla na za baada. Wimbi la paka waliotupwa kwa sababu ya kuharibu samani, ambalo wengi walilitabiri, halikuja. Kwa upande mwingine, kuuma na kukojoa nje ya sanduku ni miongoni mwa mambo yanayowashinda wenye paka haraka kuliko kochi lililochanika. Unaweza ukamkata vidole ili abaki, kisha ukamtoa kwa sababu ya kilichofuata.

Je, ikiwa kweli kila kitu kimejaribiwa na kimebaki kifo au kisu? Nina wenzangu ninaowaheshimu wanaosema hapo wangekata. Mimi sijashawishika, lakini sitawaita wabaya. Ninachojua ni kwamba nyumba yenu haijafika huko, wala haijakaribia. Na hata kama mngelazimika kuachana naye, paka anayehamishwa huhangaika majuma kadhaa kisha huzoea. Pingili hazioti.

Sasa kazi yenyewe. Kateni kucha zake kila baada ya wiki mbili. Mshike akiwa na usingizi, bonyeza kidole taratibu juu na chini ili ukucha uchomoze, tazama ile sehemu ya waridi ndani yake, ambayo ina damu na mishipa ya fahamu, uiache mbali, ukate ncha inayopenya nuru tu. Tumia kikata kucha cha wanyama kilicho kikali, maana kilicho butu hupasua ukucha. Siku ya kwanza kata kidole kimoja au viwili, mpe kitu kitamu, mwachie aende. Wengi hushindwa kwa kutaka kumaliza vyote kumi kwa nguvu mara ya kwanza, na paka hasahau. Ukucha uliokatwa ncha unaweza kuacha mstari mwekundu, lakini kuchana ngozi hadi damu huwa ni taabu. Kwa sababu ya mama, ongezeni vifuniko laini vya kucha vinavyobandikwa kwa gundi. Hudumu wiki nne hadi sita hivi, huanguka vyenyewe ukucha unapobambuka ganda, na paka wengi huvizoea baada ya siku chache za kuvitafuna. Angalieni tu visizidi kipimo na kubana.

Kochi nalo lina sababu zake. Paka akiparura anabambua ganda kuukuu la ukucha, ananyoosha mgongo na mabega, na anaacha harufu kutoka kwenye tezi zilizo kati ya vidole, kwa hiyo hawezi kuacha na hamtaki aache. Mnachotaka ni ahame. Mpeni nguzo iliyozungushiwa kamba ya katani, ndefu kiasi cha yeye kujinyoosha mwili mzima akiwa amesimama, yaani karibu sentimita 90, na nzito isiyotikisika. Nguzo ikiyumba mara moja, imekufa. Iwekeni palepale anapoharibu, mbele ya kochi, hata kama inachukiza macho, wala msiifiche pembeni. Funikeni kona za kochi kwa utepe unaonata pande mbili, maana paka hapendi unyayo wake ushike gundi. Akishaizoea nguzo kwa majuma kadhaa, isogezeni kidogo kidogo. Paka wengine hupendelea kuparura kitu kilicholala chini, basi wekeni na ubao wa karatasi ngumu sakafuni muone anachagua nini. Msimpige, msimrushie maji, wala msimshike miguu na kuisugua kwenye nguzo. Atajifunza kuwaogopa ninyi, na paka mwoga huparua zaidi.

Kuna jambo hukulisema kwenye barua yako nami ningependa kulijua: ilikuwaje mama akaparuliwa? Alikuwa akimshika tumbo? Alimnyanyua? Kulikuwa na mlango uliobamizwa? Paka mpole karibu kila mara hutoa onyo kabla ya kuparua. Mkia hupigapiga, masikio hugeukia nyuma, ngozi ya mgongo huchezacheza. Mfundisheni mama ishara hizo tatu, na kwamba akiona hata moja, aondoe mkono. Asicheze na paka kwa vidole. Kamba iliyofungwa kwenye fimbo, mara mbili kwa siku, mkiishika ninyi, itamchosha paka vya kutosha. Mama akilala, mlango ufungwe. Na paka mwenyewe apimwe, kwani paka aliyekuwa mpole akabadilika huenda ana jino bovu au kiungo kinachouma.

Akiparuliwa tena, bana jeraha kwa kitambaa safi dakika kumi hadi kumi na tano bila kuchungulia, kisha lioshwe kwa maji na sabuni. Damu isipokata, nendeni hospitali. Akiumwa kwa meno, nendeni siku hiyo hiyo hata kama tundu ni dogo na haliumi. Dawa zake asiache bila kumwuliza daktari wake.

Daktari huyo wa leza anaweza kuwapa njia mbadala ya kukata kano peke yake na kuacha mfupa. Ikataeni nayo. Paka hubaki na kucha asizoweza kuzichomoa wala kuzinoa, zinanenepa, na zisipokatwa mara kwa mara huota zikaingia kwenye nyama ya unyayo.

Kubalianeni na mume wako muda, tuseme miezi miwili, mfanye hayo yote kwa pamoja, wala si moja moja. Nategemea mtafaulu. Ikishindikana, na mama bado hayuko salama, mtafutieni paka nyumba isiyo na mgonjwa wa namna hiyo. Huko si kumsaliti. Mwambieni anayempokea ukweli wote kuhusu kuparura kwake, mpelekeeni na nguzo yake, na mmpe sharti moja kabla hajamchukua: vidole vyake havikatwi.